Barakoa Ikikaa Vizuri, Usingizi Hurudi

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kitengela na Kaunti nzima ya Kajiado kuhusu kuchagua barakoa ya mashine ya CPAP. Maneno yake kamili ni haya.



Mada ya leo ni barakoa. Si ile ya kitambaa iliyovaliwa wakati wa korona. Ni ile ya silikoni inayounganishwa kwa mpira na mashine ndogo ya hewa, ambayo mgonjwa anayekatikiwa na pumzi usingizini huivaa kila usiku anapolala. Mashine hiyo huitwa CPAP, na wengi huitamka sipapu. Kazi yake ni kusukuma hewa kwa shinikizo la kadiri ili koo lisizibe.

Mashine hii si ya bei rahisi. Kuna familia zinazochanga ili kuinunua, na kuna zinazotumiwa na jamaa aliye ng'ambo. Kinachosikitisha ni pale ambapo baada ya wiki mbili mashine hiyo inakuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa, na mwenyewe amerudia kukoroma na kusinzia mchana. Akiulizwa, mara nyingi hasemi kwamba mashine ni mbovu. Husema kwamba barakoa inambana, inavuja, inampulizia machoni, au inamfanya ahisi kama amezibwa pumzi.

Kwa hiyo jambo kuu la kwenda nalo nyumbani ni hili: mashine iwe ya bei gani, barakoa isipomkaa mgonjwa haitamtibu. Na barakoa isiyomkaa si sababu ya kuacha tiba. Ni sababu ya kubadilisha barakoa.

UGONJWA WENYEWE

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka kwa mkoromo mkubwa, anavuta pumzi, kisha anarudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Ugonjwa huu huitwa apnea ya usingizi.

Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni kiwango cha chini. Mara 15 hadi 29 ni cha wastani. Mara 30 na zaidi ni ugonjwa mkali. Mwenye mara 30 kwa saa hukatizwa usingizi kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Ndiyo maana huamka amechoka kuliko alivyolala.

Si ugonjwa wa watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao, na kati yao milioni 425 wana kiwango cha wastani au kikali.

Shahidi wa kwanza kwa kawaida ni mume au mke. Yeye ndiye anayesikia mkoromo unanyamaza ghafla, kisha unarudi kwa kishindo. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, kusahau, hasira za haraka, na shinikizo la damu lisiloshuka hata kwa dawa. Wanawake nao huugua, hasa baada ya kukoma hedhi, ingawa wengi wao hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko kukoroma. Si kila anayekoroma ana apnea, lakini anayekoroma na kusinzia mchana anahitaji kupimwa.

Katika kaunti hii ugonjwa huu una uzito wa pekee kwa sababu ya barabara. Njia inayotoka Athi River, ikapita Kitengela, Isinya na Kajiado hadi Namanga, hupitisha malori na matatu mchana na usiku. Tafiti zimeonyesha kwamba dereva mwenye apnea isiyotibiwa yumo katika hatari ya ajali zaidi ya mara mbili ya dereva asiyekuwa nayo. Anayesinzia kwenye usukani hahatarishi nafsi yake tu. Anahatarisha abiria wake, mwendesha bodaboda aliye mbele yake, na mchungaji anayevusha ng'ombe barabara.

PA KUANZIA

Hakuna anayepaswa kuanza kwa kununua mashine. Aanze kwa kuonana na mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu naye: Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, au hospitali za Ongata Rongai, Ngong na Loitokitok. Huko atapimwa shinikizo la damu na uzito, atakaguliwa koo na pua, na ikibidi ataandikiwa rufaa kwa daktari wa mapafu au wa masikio, pua na koo. Kipimo cha usingizi mara nyingi hufanyika Nairobi. Mgonjwa hulala hospitalini usiku mmoja akiwa amefungwa vifaa vya kupima, au hupewa kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani.

Matokeo ndiyo yanayomwezesha daktari kuandika shinikizo la hewa linalofaa. Mashine nyingi hutoa kuanzia sentimita 4 hadi 20 za maji, na hicho ndicho kipimo cha shinikizo lake. Kiwango hicho kina uhusiano wa moja kwa moja na barakoa, kwa kuwa barakoa isiyovuja kwenye shinikizo la 6 yaweza kuvuja vibaya kwenye 14.

BARAKOA ILIKUWA TATIZO TANGU MWANZO

Tiba hii ilianzia Sydney, Australia, mwaka 1980. Daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa mwenye apnea kali. Tiba iliyokuwapo wakati huo ilikuwa kutoboa shingo na kuweka mrija wa kupumulia, na mgonjwa huyo hakuitaka. Sullivan akampulizia hewa kupitia puani, na usiku huohuo koo likaacha kuziba. Mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa katika jarida la The Lancet.

Kupata kipulizio hakukuwa kazi ngumu sana. Kazi ilikuwa barakoa. Katika miaka hiyo ya kwanza ilibidi pua ya kila mgonjwa ichukuliwe umbo lake kwa plasta, barakoa itengenezwe kufuata umbo hilo, kisha igandishwe usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku na kubanduliwa kila asubuhi. Wapo waliovumilia hivyo miaka kadhaa kwa sababu walionja tena usingizi wa kweli.

Leo hakuna haja ya gundi. Kuna barakoa za maumbo na saizi nyingi. Lakini funzo la Sydney halijabadilika: kila uso una umbo lake, na barakoa ndiyo inayoufuata uso. Uso haulazimishwi kuifuata barakoa.

AINA TATU ZA BARAKOA

Ya kwanza ni ya pua. Hufunika pua peke yake, kuanzia juu ya mdomo hadi kwenye mwamba wa pua au chini yake kidogo. Inawafaa wengi, hata wanaohitaji shinikizo la juu kiasi. Masharti yake ni mawili: pua iwe inapitisha hewa, na mdomo uwe unafungwa usingizini.

Ya pili ni ya vijimto vya puani. Haifuniki pua. Ina vijimto viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Ni nyepesi, haizibi macho, na huwafaa wanaovaa miwani kitandani kabla ya kulala, wenye ndevu, na wanaoogopa kufunikwa uso. Kasoro yake ni kwamba shinikizo likiwa juu, baadhi ya watu huumwa puani au hukaukiwa.

Ya tatu ni ya pua na mdomo. Hufunika vyote viwili, nayo huwafaa ambao pua zao huziba mara kwa mara na wanaopumua kwa mdomo. Kwa kuwa ni kubwa, ina sehemu nyingi za kuvuja, na baadhi ya watu huhitaji shinikizo la juu zaidi wakiivaa. Isitumiwe bila uangalizi na mtu asiyeweza kuivua mwenyewe, kama vile aliyepooza mikono, kwa sababu akitapika usingizini yumo hatarini.

Wapo wanaodhani kwamba kubwa ndiyo bora. Si hivyo. Mara nyingi daktari atapendekeza kuanza na ya pua, na kwenda kwenye ya pua na mdomo endapo ipo sababu. Pua iliyoziba kwa mzio au vumbi yaweza kutibiwa kwanza, na baada ya hapo mgonjwa akatosheka na barakoa ndogo.

KITANDA USICHOLALIA HUJUI KUNGUNI WAKE

Methali hii inaeleza kosa linalofanyika sana madukani. Mnunuzi huketi kwenye kiti, huvaa barakoa bila mashine kuwashwa, hujitazama kwenye kioo, huridhika na kulipa. Usiku anapolala chali, nyama za uso zinashuka kuelekea masikioni, hewa inaanza kusukuma, na barakoa iliyokaa vizuri dukani inaanza kupiga miluzi.

Barakoa ijaribiwe namna itakavyotumiwa, kwa utaratibu huu.

Kwanza, uso upimwe. Watengenezaji wengi hutoa karatasi au plastiki ya kupimia upana wa pua na urefu wake. Saizi ya barakoa ya kampuni moja si lazima iwe sawa na ya kampuni nyingine, kama ilivyo kwa viatu. Aliyevaa saizi ya kati ya aina moja yaweza kumlazimu kuvaa ndogo ya aina nyingine.

Pili, mgonjwa avae barakoa mikanda ikiwa imelegea, kisha alale. Kama kwa kawaida hulala kwa ubavu, alale kwa ubavu. Kama hutumia mito miwili, aombe mito miwili.

Tatu, mashine iwashwe kwa shinikizo aliloandikiwa na daktari. Hewa ikishaanza, aivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni kisha airudishe taratibu, ili mto wa silikoni ujae hewa na ujipange wenyewe.

Nne, mikanda ikazwe kidogo kidogo, upande wa kulia na wa kushoto kwa usawa, hadi uvujaji ukome. Ukikoma, mkono uache hapo.

Tano, ageuke upande wa pili, kisha alale chali, na kukaa hivyo angalau dakika 10. Hewa ikianza kupanda machoni, au mwamba wa pua ukianza kuuma ndani ya muda huo mfupi, usiku mzima hautavumilika. Ajaribu saizi au aina nyingine.

Mnunuzi asiuchanganye uvujaji na hewa inayotoka kwenye vitundu vidogo vilivyo mbele ya barakoa au kwenye kiungo cha mpira. Vitundu hivyo viliwekwa makusudi ili kutoa hewa chafu ambayo mgonjwa ameshaipumua. Visizibwe kwa plasta, gundi wala kitambaa.

KUKAZA SANA NI KUHARIBU

Barakoa ikivuja, mkono hukimbilia kukaza mikanda. Hilo hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mto wa silikoni hufanya kazi ukiwa umejaa hewa, kama tyubu ya baiskeli. Ukikandamizwa, hujikunja, na palipojikunja ndipo hewa hutorokea. Mgonjwa hukaza tena, na asubuhi huamka na alama shavuni na kidonda kwenye mwamba wa pua.

Kipimo rahisi ni hiki: kidole kimoja au viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimishwa. Kama barakoa haizuii hewa isipokuwa kwa kukazwa kabisa, basi saizi au umbo lake halifai.

Kwa ngozi nyeusi, mkandamizo hauonekani kila mara kama wekundu. Ngozi yaweza kuwa nyeusi zaidi au yenye rangi ya zambarau, au ikawa na joto, ugumu au maumivu ikiguswa. Alama inayoondoka muda mfupi baada ya kuamka si ya kutisha. Inayobaki hadi adhuhuri, au ngozi iliyochubuka, ni sababu ya kurudi kliniki kabla haijawa kidonda.

NYUSO ZA WATU WA KAJIADO

Barakoa nyingi huletwa kutoka nje, na picha kwenye maboksi yake si lazima zifanane na watu wanaozivaa hapa. Mwenye pua pana asikubali kuuziwa barakoa kwa kuambiwa tu kwamba ni saizi ya kawaida. Kingo za mto wa silikoni zinapaswa kuzunguka pua bila kuziminya kuta zake wala kuziba matundu yake.

Mzee mwenye ndewe zilizotogwa na kurefushwa kwa desturi, au mama anayevaa shanga na hereni nzito, ahakikishe mikanda inapita juu au chini ya sikio bila kuivuta ndewe. Mapambo yavuliwe kabla ya kulala. Barakoa yenye mikanda inayopita nyuma ya shingo na utosini huwafaa wengi zaidi kuliko ile inayozunguka masikio.

Waliosuka nywele au kufuga rasta hukumbana na jambo jingine: mikanda huteleza, au hukaza leo na kulegea wiki ijayo mtindo ukibadilika. Kila nywele zikisukwa upya, mikanda ipimwe upya. Skafu laini ya satini yaweza kuvaliwa chini ya mikanda, mradi isifike mahali mto wa silikoni unapogusana na ngozi.

Ndevu nazo huacha mianya. Mwenye ndevu nyingi hana ulazima wa kuzinyoa. Ajaribu vijimto vya puani kwanza. Mwenye meno ya bandia anayeyatoa usiku ajaribu barakoa akiwa ameyatoa, kwa maana mashavu yake hubadilika umbo. Na aliyepungua au kuongezeka uzito kwa kiasi kikubwa apimwe tena uso, na amuulize daktari iwapo shinikizo nalo libadilishwe.

WIKI ZA KWANZA

Hata barakoa inayokaa vizuri ni ngeni usoni. Anayehisi kubanwa aizoee mchana kwanza. Siku ya kwanza aishike mkononi na kuiweka usoni dakika chache akiwa ameketi. Siku zinazofuata aivae mashine ikiwa imewashwa, akitazama runinga au kusikiliza redio. Akiona ameizoea, aende nayo kitandani. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na shinikizo dogo na kulipandisha taratibu mtu anapopata usingizi.

Wengine huogopa kwamba stima ikipotea watakosa hewa. Barakoa ya pua na mdomo ina vali inayofunguka mashine ikizimika ili mgonjwa apumue hewa ya chumbani. Mwenye barakoa ya pua hupumua kwa mdomo. Kwa kawaida mtu huamka na kuivua. Tatizo la stima kupotea ni kwamba usiku huo hapati tiba. Kwa wakazi wa sehemu ambako umeme ni wa sola, mashine nyingi za safarini na za nyumbani zaweza kutumia betri kwa waya maalum. Kabla ya kuunganisha, fundi asome kibandiko kilicho nyuma ya mashine, kwa kuwa nyingine hutumia volti 12 na nyingine volti 24. Kiongeza unyevu kikizimwa, betri hudumu zaidi.

Lengo ni kuivaa usingizi wote. Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari kuona kama mgonjwa anafuata tiba ni angalau saa 4 kwa usiku, katika usiku 7 kati ya kila 10. Mashine za kisasa huhifadhi takwimu za saa alizolala nayo na kiasi cha hewa kilichovuja. Mgonjwa aende na mashine au kadi yake kliniki ili takwimu hizo zisomwe.

VUMBI, MAJI NA BARIDI

Kitengela na sehemu nyingi za kaunti zina vumbi jingi msimu wa kiangazi. Chujio la mashine huziba haraka kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema. Likaguliwe kila wiki. Mto wa barakoa uoshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa sababu mafuta ya ngozi huufanya uteleze na kuvuja. Uanikwe kivulini, kwa vile jua kali hulikausha na kulipasua silikoni. Dawa za kung'arisha nguo na spiriti zisitumike. Uso nao uoshwe kabla ya kulala, na mafuta ya kujipaka yasifike mahali barakoa inapokaa.

Maji ya visima vingi vya kaunti yana chumvichumvi. Yakitiwa kwenye kiongeza unyevu huacha utando mweupe na kuharibu chombo. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi hiyo. Yatumike maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa matumizi ya tiba, na yabadilishwe kila siku. Maji ya betri ya gari yasitumike kamwe, kwani mengine huchanganywa na asidi.

Miezi ya Juni na Julai, kunapokuwa na baridi usiku, unyevu huganda ndani ya mpira na kumdondokea mgonjwa puani. Mashine iwekwe chini kuliko kitanda, mpira upitishwe ndani ya blanketi, na unyevu upunguzwe kidogo.

MASHINE NA BARAKOA ZA MITUMBA

Wapo wanaopokea mashine iliyotumika kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Nia ni njema, lakini tahadhari zinahitajika. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa na vipande vyake kuweza kuvutwa na mgonjwa. Anayepokea mashine aangalie jina la modeli na namba yake, kisha athibitishe kwamba haimo kwenye orodha hiyo. Shinikizo lake pia libadilishwe lifuate maandishi ya daktari wake.

Barakoa, mikanda na mpira vinunuliwe vipya. Mto wa silikoni uliotumiwa na mtu mwingine umeshalegea na hautamkaa mwingine, mbali na hatari ya maambukizi.

Kuna pia jambo la sumaku. Baadhi ya barakoa hufungwa kwa vifungo vya sumaku badala ya klipu. Septemba 2022 Philips ilitoa tahadhari kwamba sumaku hizo zaweza kuvuruga vifaa vilivyopandikizwa mwilini, na watengenezaji wengine nao wakatoa maelekezo mapya. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kipande cha chuma kichwani au machoni, achague barakoa isiyo na sumaku. Tahadhari hiyo inamhusu pia anayelala naye kitanda kimoja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Mnunuzi aende na karatasi yenye maswali haya.

Je, barakoa itajaribiwa mgonjwa akiwa amelala na mashine ikiwa imewashwa?

Isipomkaa, ataruhusiwa kuibadilisha, na ndani ya siku ngapi?

Mto wa silikoni na mikanda ya modeli hiyo hupatikana nchini, au huagizwa kutoka nje?

Boksi lina mto wa saizi moja, au lina saizi kadhaa za kujaribu?

Muuzaji ana kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu?

Bima italipia nini? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwanachama aulize katika dawati la SHA hospitalini, na mwenye bima ya kazini aulize mwajiri, kabla ya pesa kutolewa. Jibu lipatikane kwa maandishi.

NENO LA MWISHO KWA FAMILIA

Mgonjwa anayevaa barakoa kitandani huweza kuona aibu, hasa mbele ya mwenzi wake na watoto. Mzaha wa nyumbani umewafanya wengine waivue. Watoto waelezwe kwamba ile ni dawa ya baba au ya mama, kama vidonge vya shinikizo la damu. Mwenzi naye ana kazi yake: yeye ndiye anayesikia mluzi wa hewa usiku, ndiye anayeona kama mkoromo umerudi, na ndiye anayepaswa kwenda kliniki pamoja na mgonjwa kusema alichosikia.

Na ambaye mashine yake iko juu ya kabati aishushe leo. Aoshe mto wa barakoa, autazame kama umepasuka au kuwa mgumu, aibebe pamoja na mpira na mikanda yake, na airudishe kwa daktari aliyemwandikia. Asiseme tu kwamba mashine imemshinda. Aonyeshe panapouma na panapovuja. Huenda anachokosa ni saizi moja kwenda chini au umbo jingine la mto, na dereva, mwalimu au mfugaji huyo akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.